Picha za Onnagata: Kuusoma Uso Wenye Watu Wawili

Katika picha moja ya mwaka 1794, iliyochorwa na Tōshūsai Sharaku na kuchapwa kwa vibao vya mbao katika mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, anaonekana mwanamke wa makamo kuanzia kifuani kwenda juu. Mashavu yake ni ya duara, macho ni madogo, midomo imefumbwa, na nyuma yake hakuna chochote ila weusi unaometa. Jina lake ni Shigenoi, naye ni yaya katika nyumba ya mtawala. Katika mchezo wa kabuki, yaani tamthilia ya Kijapani yenye ngoma na muziki, anamotoka, anakutana kwa bahati na mvulana anayeongoza farasi wa mizigo, kisha anagundua kwamba ni mwanawe wa kumzaa, lakini heshima ya nyumba anayoitumikia haimruhusu kumkiri hadharani. Watazamaji wa Edo waliijua hadithi hiyo na waliilia. Walijua pia, bila kuambiwa, kwamba uso ule ulikuwa wa Iwai Hanshirō wa Nne, mwigizaji wa kiume aliyezaliwa mwaka 1747, ambaye kwa ajili ya mashavu yake walimpachika jina la utani la Otafuku, lililo jina la kinyago cha mwanamke mwenye uso wa mviringo.

Mtazamaji wa leo, hasa aliyekulia mbali na desturi hizo, huuliza mara moja kama hii ni picha ya mwanamke au ya mwanamume aliyevaa kike. Swali lenyewe linapotosha, kwa sababu linataka mmoja kati ya wawili aondolewe ili abaki mwingine, ilhali mnunuzi wa Edo alitoa fedha yake ili awapate wote wawili kwa pamoja: Shigenoi anayemnyima mwanawe jina la mama, na Hanshirō anayejulikana mji mzima kwa namna anavyomwigiza Shigenoi. Picha iliyompoteza mmoja wao ilikuwa na kasoro machoni pa mnunuzi huyo, na historia yote ya picha hizi, kwa karibu miaka mia mbili, inaweza kusomwa kama jitihada ya wachoraji ya kuwaweka watu wawili katika uso mmoja bila mmoja kumfunika mwenzake. Kiswahili, kwa bahati nzuri, kinatusaidia hapa kuliko lugha nyingi za Ulaya, ambazo humlazimisha mwandishi achague kiwakilishi cha kike au cha kiume kabla hajamaliza sentensi yake ya kwanza. Sisi tunasema “yeye” na kuendelea na kazi.

Mwigizaji wa kiume aliyebobea katika nafasi za kike huitwa onnagata, na chanzo chake ni amri ya serikali. Kabuki yenyewe ilianzishwa na mwanamke, Okuni, ambaye mnamo mwaka 1603 alicheza ngoma na maigizo katika mji wa Kyoto, pale ambapo mto Kamo huacha mchanga mkavu. Vikundi vya wanawake vilivyomfuata vilipendwa mno, vikahusishwa na ukahaba na ugomvi wa wanaume, na mwaka 1629 utawala wa Tokugawa, ukoo wa kijeshi uliotawala Japani wakati ule, uliwapiga wanawake marufuku kupanda jukwaani. Nafasi yao ikachukuliwa na wavulana wazuri wa sura wenye nywele za mbele ambazo hazijanyolewa, na ugomvi ukawa uleule, kwa sababu walioshindania wanawake sasa walishindania wavulana. Mwaka 1652 wavulana nao wakakatazwa. Kabuki iliporuhusiwa tena, ilikuwa kwa masharti kwamba waigizaji wawe wanaume wazima na wanyoe nywele za mbele ya kichwa, kama walivyofanya wanaume wote wa wakati ule, ili mvuto wao upungue.

Sharti hilo la kunyoa ndilo lililoleta alama muhimu kuliko zote katika picha tunazozizungumzia. Mwigizaji aliyenyolewa kipara cha mbele hangeweza kuonekana kama mwanamke, hivyo akafunika sehemu hiyo kwa kitambaa kidogo cha hariri ya zambarau. Wigi zilipoboreshwa baadaye, kitambaa hakikuhitajika tena kwa kuficha, lakini kilikuwa kimeshakuwa sehemu ya urembo wenyewe wa onnagata, kikabaki. Ndiyo maana katika picha iliyochapwa, mwanamke mwenye kipande cha zambarau juu ya kipaji cha uso ni mwigizaji, na mwanamke asiye nacho, akiwa amechorwa kwa mavazi yaleyale na mkao uleule, huenda ni mwanamke wa kweli wa mjini au wa mtaa wa starehe. Tahadhari moja inahitajika kwa anayeziangalia leo: rangi ya zambarau ya karne ya 18 mara nyingi ilipatikana kwa kuchanganya buluu ya maua na wekundu wa alizeti-miba, rangi mbili zisizostahimili mwanga, na katika nakala nyingi zilizomo katika makumbusho kitambaa kimefifia kikawa cha kahawia au kijivu, kiasi kwamba mtu hupita bila kukiona.

Alama nyingine ni nembo. Kila ukoo wa waigizaji ulikuwa na nembo yake, na mchoraji aliiweka kwenye mkono wa kimono au begani, hata kama mhusika wa mchezo asingekuwa na sababu yoyote ya kuivaa. Ukoo wa Segawa Kikunojō ulijulikana kwa fundo la hariri laini, na ukoo wa Iwai Hanshirō kwa vipepeo vitatu vya mkononi ndani ya duara. Kwa mantiki ya hadithi, nembo hiyo ni kosa, kwa kuwa mke wa samurai wa kubuniwa hawezi kuvaa alama ya familia ya waigizaji. Kwa mantiki ya mnunuzi, bila nembo hiyo picha isingekuwa imekamilika.

Kabla ya kuendelea na wachoraji, inafaa kueleza onnagata alivyojifikiria mwenyewe, kwa sababu hapo ndipo wasomaji wengi hupotea. Yoshizawa Ayame wa Kwanza, aliyeishi kati ya mwaka 1673 na 1729 na kuwa mkubwa kuliko wote wa kizazi chake, aliacha mafundisho yaliyoandikwa na wengine. Kwa maoni yake, onnagata anayeishi kama mwanamume nyumbani na kuwa mwanamke saa za jukwaani tu hatafanikiwa. Inampasa aishi kwa adabu za kike siku zote, na akiulizwa habari za mke na watoto wake, aone haya hata uso uwe mwekundu. Ayame mwenyewe alikuwa na mke na watoto, na mmoja wa wanawe, Nakamura Tomijūrō wa Kwanza, ndiye aliyeupa mchezo wa ngoma wa msichana wa hekalu la Dōjōji umbo lake maarufu mwaka 1753. Aliyoyafundisha yalihusu ufundi: uanamke wa jukwaani ulitengenezwa kwa mazoezi, kwa kuinamisha mabega, kuyaleta magoti karibu na kupunguza hatua, na haukuwa nakala ya mwanamke fulani aliyeonekana sokoni.

Ulikuwa ustadi wa kupendeza kiasi kwamba nakala iligeuka ikawa asili. Wanawake wa Edo waliiga mitindo ya nywele, mafundo ya mikanda na rangi za onnagata. Rangi ya hudhurungi iliyokolea kijani iliitwa kwa jina la kishairi la Segawa Kikunojō wa Pili, nayo ikauzwa madukani kwa jina hilo. Sanogawa Ichimatsu wa Kwanza, aliyecheza nafasi za vijana na za wanawake, alipanda jukwaa la Edo mwaka 1741 akiwa na vazi lenye miraba ya rangi mbili inayopishana kama ubao wa drafti. Miraba hiyo inaitwa ichimatsu mpaka leo, na ndiyo iliyowekwa katika nembo ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo 2020. Kwa hiyo mwanamke wa Edo aliyejipamba kwa mtindo wa kisasa alikuwa anamwiga mwanamume anayemwiga mwanamke, na mchoraji aliyetaka kumtofautisha mwanamke wa kweli na wa jukwaani alikuwa na sababu nzuri ya kukishukuru kile kitambaa cha zambarau.

Picha zenyewe zilikuwa bidhaa ya biashara ya watu wanne. Mchapishaji ndiye aliyetoa mtaji, akachagua mada na kumwajiri mchoraji. Mchoraji alichora mistari kwa wino kwenye karatasi nyembamba. Mchonga vibao aliibandika karatasi hiyo kifudifudi juu ya ubao wa mcheri na kuchonga hadi mistari ikabaki imeinuka, kisha akachonga ubao mwingine kwa kila rangi. Mchapaji akapaka rangi, akalaza karatasi ya nyuzi za mforosadi na kuisugua upande wake wa nyuma. Jina linaloonekana pichani ni la mchoraji, na mara nyingi alama ya mchapishaji. Mchongaji na mchapaji, waliofanya sehemu ngumu zaidi ya kazi, kwa kawaida hawakutajwa. Picha iliuzwa kwa bei iliyokaribiana na ya bakuli la tambi, ikiwa na maana tu kwa muda mchezo ulipokuwa bado unazungumzwa. Kwa sababu ya haraka hiyo, baadhi zilichorwa hata kabla ya mchezo kuanza, kwa kutegemea matangazo ya ukumbi, na mchoraji alikuwa anabashiri mwigizaji atavaa nini.

Kwa muda mrefu, sura haikuwa jambo la kuhangaikia. Wachoraji wa ukoo wa Torii, walioanza kazi mwishoni mwa karne ya 17 wakichora pia mabango ya kumbi, walikuwa na uso mmoja wa kike na uso mmoja wa shujaa, na nembo pamoja na jina vikamwambia mtazamaji yule ni nani. Mabadiliko yalikuja baada ya mwaka 1765, pale uchapaji wa rangi nyingi ulipokamilika. Mwaka 1770 Katsukawa Shunshō na Ippitsusai Bunchō walitoa kitabu cha picha za waigizaji zilizowekwa ndani ya umbo la kipepeo cha mkononi, na kila uso ukawa na pua yake, taya lake na macho yake. Tangu hapo mnunuzi alidai kumtambua mwigizaji kwa sura.

Kwa waigizaji wa nafasi za kiume, dai hilo halikuleta taabu. Pua kubwa ya Ichikawa Danjūrō ilikuwa sifa. Kadiri ilivyokuzwa, ndivyo shujaa alivyozidi kutisha. Kwa onnagata, kinyume chake, kila hatua ya kuufuata uso wa kweli ilikuwa hatua ya kuiondoa picha katika uzuri wa kike uliotarajiwa. Uso wa mwanamke mzuri katika picha za Edo ulikuwa yai jembamba lenye pua ya mstari mmoja na kinywa kidogo kama tone. Mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mwenye taya pana na ngozi iliyolegea kidevuni, hawezi kuingia ndani ya yai hilo bila kupoteza kitu. Shunshō aliutatua ugumu huo kwa upole: alichora mwili mzima katika karatasi nyembamba na ndefu, akaacha mkao, mavazi na mwinamo wa shingo viubebe uanamke, kisha akatia tofauti ndogo tu usoni, za kutosha kwa mpenzi wa kabuki kumjua mtu wake.

Sharaku alikataa upole huo. Alitokea katika mwezi wa tano wa mwaka 1794 chini ya mchapishaji maarufu Tsutaya Jūzaburō, na kwa mkupuo mmoja zikatoka picha 28 za vichwa na vifua, kubwa, juu ya mandhari meusi yaliyotiwa unga wa ulanga ili yang’ae kama jukwaa la giza linaloangazwa kwa mishumaa. Wakati huo kumbi tatu kuu za Edo zilikuwa zimefilisika, na michezo ilichezwa katika kumbi za akiba: Miyako-za, Kiri-za na Kawarazaki-za. Sharaku alizichora zote tatu. Kufikia mwanzoni mwa mwaka 1795 alikuwa ametoweka, akiwa ameacha picha zaidi ya 140, na wengi wa watafiti wa leo huamini kwamba alikuwa Saitō Jūrōbei, mwigizaji wa noh, tamthilia ya Kijapani iliyo kongwe kuliko kabuki, aliyekuwa katika utumishi wa mtawala wa jimbo la Awa. Iwapo ni kweli, basi aliyewachora waigizaji hawa alikuwa mtu aliyejua kutoka ndani mwanamume anavyolitumia umbo lake kuonyesha mwanamke, kwa sababu katika noh pia wanawake huigizwa na wanaume, tena kwa kinyago. Binafsi naona hilo linaeleza mengi.

Tazama anavyomchora Segawa Tomisaburō wa Pili kama Yadorigi, mke wa Ōgishi Kurando. Uso ni mrefu na mkavu, nyusi ziko juu, pua inashuka kwa ukali, na macho hayana huruma. Watu wa Edo walimwita mwigizaji huyu Nikutomi, yaani Tomi mwenye kuchukiza, na Sharaku hakufanya lolote la kumsitiri. Nakayama Tomisaburō, aliyecheza Miyagino, binti anayelipiza kisasi cha kifo cha baba yake, alikuwa na jina la utani la Gunyatomi, kwa ajili ya ulaini wa mwili wake uliokuwa kama usio na mifupa; katika picha macho yake ni vitone, na uso wote unaonekana kama umeundwa kwa unga uliokandwa. Sanogawa Ichimatsu wa Tatu, mrithi wa jina lile la miraba, anaonyeshwa kama kahaba wa Gion, mtaa wa starehe wa Kyoto, akiwa na taya ambalo hakuna kahaba wa pichani aliyewahi kuwa nalo.

Ni rahisi kusema kwamba Sharaku aliwadhihaki, na wengi wamesema hivyo. Mimi naona vingine, na ushahidi ni Shigenoi wa Hanshirō tuliyeanza naye. Mashavu ni ya mwanamume mnene wa makamo, hilo halikufichwa; lakini midomo iliyofumbwa ni ya mama anayezuia neno lisitoke, na mtu akiyaondoa mawazo ya mwigizaji akabaki na mama, au akamwondoa mama akabaki na mwigizaji, picha inapungua nguvu pande zote mbili. Sharaku hakumvua onnagata uanamke wake. Alionyesha kazi inavyofanyika, mwili ukiwa unauvuta uanamke juu yake kama mtu anayevuta kamba nzito, na akamtaka mtazamaji aone mkazo wa kamba.

Watazamaji hawakutaka kuuona. Mwandishi Ōta Nanpo, aliyekusanya habari za wachoraji wa zama zake, aliandika kwamba Sharaku, kwa kutaka mno kuufikia ukweli, aliwachora watu jinsi wasivyopaswa kuchorwa, na kwa hiyo hakudumu. Neno “wasivyopaswa” linabeba hukumu yote. Hakuna aliyedai kwamba picha hazikufanana. Tatizo lilikuwa kwamba zilifanana na upande mmoja kupita kiasi, na ni rahisi kufikiri kwamba wapenzi wa onnagata, ambao walimfuata kwa sababu ya ndoto aliyoitengeneza, walikuwa wa kwanza kukasirika. Heshima yake ilirudi kwa njia ya mbali sana, hasa baada ya Mjerumani Julius Kurth kuchapisha kitabu juu yake mwaka 1910.

Aliyeshinda sokoni alikuwa Utagawa Toyokuni, ambaye mapema mwaka huohuo wa 1794 alianza mfululizo wake wa waigizaji wakiwa wamesimama mwili mzima juu ya mandhari ya kijivu, kila mmoja akitajwa kwa jina la ukumbini la nyumba yake. Kwa Toyokuni, taya la onnagata lipo, lakini limezungukwa na mwinamo wa shingo, mkunjo wa kimono na kidole kilichoinuliwa, hata jicho linalipita kwa upole. Wanafunzi wake walitawala biashara hii kwa nusu karne. Kunisada, mkubwa wao, alichora maelfu kwa maelfu ya picha hadi alipofariki mwaka 1865, na kwa kweli nyingi zinachosha. Ila kuna jambo moja katika kazi zake linalohusu fundo letu moja kwa moja. Mwaka 1842 serikali ilipiga marufuku picha za waigizaji pamoja na za makahaba. Marufuku ilipolegea baada ya miaka michache, picha zilirudi bila majina: jina la mhusika liliandikwa, la mwigizaji likaachwa. Mnunuzi alimjua vilevile. Uso wa onnagata ulikuwa umepata fomula iliyotosha kubeba uzuri na utambulisho kwa pamoja, pasipo hata nembo.

Limebaki suala la weupe. Katika picha za Edo, uso mweupe wa mwanamke kwa kawaida haukupakwa rangi yoyote. Ni karatasi tupu ya mforosadi iliyozungukwa na mstari mwembamba wa wino. Jukwaani weupe huo ulikuwa poda yenye madini ya risasi, iliyopakwa usoni, shingoni na mikononi siku baada ya siku, na sumu yake iliingia mwilini taratibu. Mwaka 1887, kabuki ilipochezwa kwa mara ya kwanza mbele ya Mfalme Meiji, kijana Nakamura Fukusuke wa Nne alitetemeka mguu bila kuweza kuuzuia, na tukio hilo lilisukuma utafutaji wa poda isiyo na risasi, ambayo ilipatikana mwanzoni mwa karne ya 20. Fukusuke akawa Nakamura Utaemon wa Tano, onnagata mkuu wa zama zake, akizidi kudhoofika mwili. Nafasi iliyomtambulisha kuliko nyingine ilikuwa Yodogimi, suria wa mtawala Toyotomi Hideyoshi, mwanamke aliyeangamia pamoja na ngome ya Osaka mwaka 1615, mwanamke mwenye kiburi anayeweza kutawala jukwaa zima akiwa ameketi. Mwaka 1926 Natori Shunsen alimchora katika nafasi hiyo, akiwa na umri wa takriban miaka sitini, katika picha ya kichwa na mabega kama zile za Sharaku: macho yana hasira ya Yodogimi, mifupa ya uso ni ya Utaemon, na miguu iliyokuwa imeshindwa haikuhitajika kuingia ndani ya karatasi.